Matembezi ya Pamoja ya Mbwa: Faida kwa Mbwa, kwa Mwenyewe na kwa Jirani

Siku ya chanjo ya mbwa inapofika katika wadi, maafisa wa mifugo hukutana na tatizo lile lile karibu kila mahali. Chanjo ipo, mbwa wapo kijijini, lakini wengi hawafiki. Mwenye boma mmoja hueleza kwamba mbwa wake alikataa kamba, akalala chini, akaikata kwa meno na kukimbilia shambani. Mwingine hufika akiwa amemburuta mbwa wake njia nzima, na mara tu mbwa huyo anapowaona wenzake kwenye foleni, anaanza vita. Watoto waliowasindikiza hutawanyika, foleni huvurugika, na waliokuwa nyuma huamua kurudi nyumbani.

Mbwa hao si wabaya. Ni mbwa ambao hawajawahi kutembezwa. Siku hiyo ndiyo mara yao ya kwanza kuvishwa kamba shingoni, mara ya kwanza kutoka nje ya boma wakiongozwa, na mara ya kwanza kusimama karibu na mbwa wageni. Mambo matatu mageni yanawapata kwa asubuhi moja.

Dawa ya tatizo hilo haihitaji pesa nyingi. Ni majirani wenye mbwa kukubaliana kuwatembeza mbwa wao pamoja, kwa kamba, mara chache kila wiki. Wakazi wengi huona jambo hilo kama starehe ya mitaa ya matajiri. Makala haya yanaeleza kwa nini si starehe, na jinsi linavyoweza kufanyika kijijini, katika ploti ya kupanga au katika mtaa wowote wa kaunti.

Matembezi ya pamoja ni nini

Ni wenye mbwa wawili, watatu au zaidi kutoka kwa wakati mmoja, kila mmoja na mbwa wake kwenye kamba, na kufuata njia moja kwa mwendo wa kawaida. Mbwa hawaachiliwi kukimbia ovyo. Hawalazimishwi kusalimiana wala kucheza. Kila mbwa hubaki hatua kadhaa kutoka kwa mwenzake, na wote wanaelekea upande mmoja.

Mpangilio huo una sababu. Mbwa anapomkaribia mwenzake kwa hiari, hamwendei uso kwa uso. Huzunguka kwa upande, hunusa, kisha huondoka. Lakini mbwa wawili wakikutanishwa ana kwa ana huku kamba zimekazwa, hawawezi kuzunguka wala kuondoka. Kila mmoja anamkodolea macho mwenzake, na njia inayobaki ni kubweka na kuonyesha meno. Ndiyo maana mbwa wengi huonekana wakali wakiwa kwenye kamba ilhali wakiwa huru hawana shida.

Wakitembea ubavu kwa ubavu, hakuna anayemkabili mwenzake. Kila mmoja anaisikia harufu ya mwenzake, anamwona kwa pembe ya jicho, na anagundua kwamba hakuna ubaya uliotokea. Baada ya siku kadhaa, umbali kati yao unaweza kupunguzwa bila fujo.

Faida kwa mbwa

Mbwa wengi wa kulinda boma huishi kwa ratiba moja: hufungwa mchana kutwa kwa mnyororo au ndani ya kibanda, na kufunguliwa usiku. Mbwa wa namna hiyo hukosa mambo mawili anayoyahitaji kwa maumbile yake, yaani mwendo na kunusa.

Mwendo humsaidia kupunguza uzito, huimarisha viungo na moyo, na humchosha kwa njia nzuri ili aweze kupumzika. Mbwa asiyetembea hutafuta kazi yake mwenyewe: huchimba mashimo, huguguna viatu, hubweka bila kikomo, au hukimbia huku na huko mpaka mnyororo umchubue shingo.

Kunusa ni muhimu kuliko watu wengi wanavyodhani. Mbwa huujua ulimwengu kwa pua kabla ya macho. Kwa kunusa kichaka au nguzo, anatambua nani amepita hapo, kama ni dume au jike, na kama ni mwenyeji au mgeni. Kwa hiyo mbwa anaposimama kunusa, si ukaidi. Mwenyewe anashauriwa kumpa muda kidogo, kisha waendelee.

Faida ya tatu ni kuzoea. Mbwa aliyewahi kukutana na bodaboda, punda wa mkokoteni, mtu mwenye mwavuli, watoto wa shule na mbwa wengine, tena akiwa na mwenyewe karibu, hujifunza kwamba mambo hayo ni ya kawaida. Mbwa asiyewahi kuyaona huyaogopa, na hofu ndiyo chanzo cha kuuma mara nyingi. Samaki mkunje angali mbichi: kipindi ambacho mbwa huzoea mambo kwa urahisi zaidi ni utotoni, kati ya wiki 3 na takriban wiki 14 tangu azaliwe. Hata hivyo, mbwa mzima pia anaweza kufundishwa, ila kwa subira zaidi.

Faida kwa mwenye mbwa

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri kwa angalau dakika 150 kila wiki. Kutembea kwa haraka kidogo kunahesabiwa. Anayemtembeza mbwa kwa dakika 30, siku 5 kwa wiki, tayari ametimiza kiwango hicho bila kulipia ukumbi wa mazoezi. Kwa wenye shinikizo la damu au kisukari, mwendo wa kila siku ni sehemu ya ushauri ambao hutolewa kliniki, na mbwa anayesubiri mlangoni ni mkumbushaji asiyechoka.

Kutembea na wengine kunaongeza jambo jingine. Aliyepanga kutoka peke yake huahirisha kwa urahisi, lakini aliyeahidi kukutana na jirani saa 12 asubuhi huona aibu kukosa. Mzee anayeishi peke yake, au mama ambaye watoto wake wamehamia mjini, hupata watu wa kumjulia hali. Akikosekana siku mbili, kuna wa kubisha mlango.

Kuna pia faida ya kujifunza. Katika kundi, mwenye mbwa aliyezoea kamba humwonyesha mwenzake jinsi ya kuishika. Aliyempeleka mbwa wake kwa daktari wa mifugo hueleza gharama na mahali. Mwenye dawa ya minyoo au ya kupe hueleza alivyoitumia. Habari za siku ya chanjo husambaa haraka zaidi miongoni mwa watu wanaoonana kila wiki.

Je, mbwa hatapoteza ukali wa kulinda?

Hili ndilo swali ambalo wenye mbwa huuliza kwanza, na ni swali la haki. Mbwa wengi hufugwa kwa sababu ya usalama, na hakuna anayetaka mbwa atakayemtikisia mwizi mkia.

Jibu liko katika kubweka kwenyewe. Mbwa aliyefungiwa asiyemjua mtu yeyote hubwekea kila kitu: jirani anayechota maji, mtoto anayetoka shule, paka, upepo unaovuma kwenye mabati. Baada ya wiki chache mwenye boma huacha kuamka, kwa sababu mbwa hubweka usiku kucha. Mwizi anapokuja, kelele ni zile zile na hakuna anayetoka nje.

Mbwa anayewajua majirani na mbwa wao hunyamaza wanapopita na hubweka anapokuja asiyemjua. Mwenyewe hujifunza kwamba mbwa wake akibweka, pana jambo. Zaidi ya hayo, mbwa aliyetembezwa huendelea kulinda boma lake. Kutembea hakumwondolei silika hiyo. Mbwa wa polisi na wa kampuni za ulinzi hufundishwa kutembea kwa kamba na kumsikiliza anayewaongoza, na hakuna anayewaona kuwa ni dhaifu.

Faida kwa jirani na watoto

Kati ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa cha mbwa duniani, asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Watoto hukimbia, hupiga kelele, huwachokoza mbwa, na kimo chao huweka uso karibu na meno ya mbwa.

Matembezi ya pamoja hupunguza hatari hiyo kwa njia mbili. Kwanza, mbwa huzoea mienendo ya watoto akiwa amedhibitiwa. Pili, watoto hupata nafasi ya kufundishwa na watu wazima jinsi ya kuishi na mbwa: kutomkaribia mbwa bila idhini ya mwenyewe, kutomgusa anapokula, anapolala au anapokuwa na watoto wake, kutomkimbia mbwa asiyejulikana, na kusimama wima bila kupiga kelele mbwa anapomjia.

Jirani naye hunufaika. Mbwa anayeachiliwa kuzurura huua kuku, hufukuza mbuzi, hupekua taka na husababisha ajali za pikipiki. Ugomvi mwingi kati ya majirani, hata ule unaofika kwa chifu, huanzia hapo. Mbwa wengi wanaoonekana wakirandaranda mitaani wana mwenyewe. Wamefunguliwa tu ili wajitafutie mazoezi na chakula. Mwenyewe akimtembeza kwa kamba na kumlisha nyumbani, sababu ya kumwachilia inapungua.

Uhusiano wake na kichaa cha mbwa

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huo kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Nchini Kenya, vifo hivyo vimekadiriwa kufikia takriban 2,000 kwa mwaka.

Kenya ilizindua mpango wa kitaifa wa kutokomeza kichaa cha mbwa kwa binadamu mwaka 2014, ukilenga kufikia mwaka 2030. Kaunti za Makueni, Machakos, Kitui, Kisumu na Siaya zilichaguliwa kuanza. Nguzo ya mpango huo ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa kila mwaka. Kiwango hicho si cha kubahatisha. Mbwa 7 kati ya 10 wakiwa na kinga, virusi hukosa mbwa wa kutosha wa kurukia, na ugonjwa hukatika wenyewe. Kiwango kikishuka sana chini ya hapo, ugonjwa huendelea kuzunguka hata kama maelfu ya mbwa wamechanjwa.

Hapa ndipo kamba inapookoa maisha. Miongoni mwa sababu za mbwa kukosa chanjo ni kwamba wenyewe hawawezi kuwashika na kuwafikisha kituoni. Mbwa aliyezoea kutembea na wenzake hufika kituoni kwa miguu yake, husubiri kwenye foleni, na hushikwa na mwenyewe daktari anapomdunga. Kundi la mbwa 5 waliozoeana linaweza kufika pamoja, kuchanjwa na kurudi, bila mtu yeyote kuumwa.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia umri wa miezi 3 na hurudiwa kila mwaka. Cheti cha chanjo kinafaa kuhifadhiwa pamoja na nyaraka nyingine za nyumbani.

Jinsi ya kuanza

Vifaa ni vichache. Kinachohitajika ni mkanda wa shingoni na kamba ya urefu wa takriban mita 2. Mkanda mzee wa ngozi unaweza kukatwa na kushonwa na fundi wa viatu. Ukishafungwa, vidole viwili viweze kupita kati yake na shingo. Waya na kamba nyembamba inayokata visitumike, wala kitanzi kinachojikaza.

Wiki ya kwanza, mbwa avishwe mkanda akiwa nyumbani, hasa wakati wa kula, ili auhusishe na jambo jema. Akishausahau, afungwe kamba na kuongozwa ndani ya boma kwa dakika chache. Akifuata bila kuvuta, apewe kipande cha chakula na asifiwe kwa sauti ya upole. Kumpiga humfundisha kuiogopa kamba.

Wiki ya pili, atolewe nje ya lango saa ambazo njia imetulia. Akivuta, mwenyewe asimame mpaka kamba ilegee, kisha waendelee. Mbwa hujifunza kwamba kuvuta hakumfikishi popote.

Wiki ya tatu, watu wawili wenye mbwa watulivu wakutane mahali pa wazi, kama kando ya uwanja wa mpira usiotumika wakati huo. Waanze wakiwa mbali, hatua 20 au zaidi, wakielekea upande mmoja. Mbwa wote wawili wakitembea bila kukodoleana macho, wasogeze umbali kidogo kidogo. Mmoja akikakamaa, akasimamisha nywele za mgongoni, akanyanyua mkia ukiwa mgumu, au akamkazia mwenzake macho, umbali uongezwe tena. Ishara nyingine za wasiwasi ni kulamba midomo mara kwa mara, kupiga miayo bila usingizi na kugeuza kichwa pembeni.

Baada ya hapo kundi linaweza kukua hadi mbwa 4 au 5. Mtu mzima mmoja ashike mbwa mmoja. Mtoto anaweza kutembea pembeni, lakini asiachiwe peke yake kamba ya mbwa mkubwa. Makundi ya nyumba kumi yanafaa sana kwa kazi hii, kwa sababu majirani tayari wanafahamiana na wanajua ni boma gani lina mbwa.

Njia, saa na heshima kwa wengine

Saa nzuri ni asubuhi kabla ya jua kuwa kali, au jioni baada ya saa 11. Mbwa hatoi jasho mwilini kama binadamu. Hupoza mwili zaidi kwa kuhema. Lami yenye joto humchoma nyayo. Mtu akiweka mgongo wa kiganja juu ya lami na kushindwa kuuacha hapo kwa sekunde chache, lami hiyo haimfai mbwa pia. Maji yabebwe kwenye chupa pamoja na bakuli dogo.

Njia isipite langoni mwa shule wakati watoto wanaingia au kutoka, sokoni, stendi ya bodaboda, wala malishoni penye mbuzi na kondoo. Wakazi wengi, hasa Waislamu, huepuka kuguswa na mate ya mbwa kwa sababu za ibada. Kundi linapokutana na watu wanaoelekea msikitini au kanisani, linafaa kuwapisha na kufupisha kamba. Si kila mtu anampenda mbwa, na mwenye mbwa ndiye anayepaswa kuhama upande wa njia.

Choo cha mbwa kiokotwe kwa mfuko na kutupwa kwenye taka au kuzikwa. Si suala la usafi wa macho tu. Choo cha mbwa kinaweza kubeba mayai ya minyoo inayowaambukiza binadamu, ikiwemo tegu anayeleta uvimbe wa maji kwenye ini na mapafu, ugonjwa ambao umewatesa wafugaji wa Turkana kwa miaka mingi. Mbwa apewe dawa ya minyoo kama daktari wa mifugo anavyoelekeza, na asilishwe matumbo mabichi ya mifugo iliyochinjwa.

Anayetaka kwenda mbali na mtaa wake aulize masharti ya mahali. Katika Msitu wa Karura jijini Nairobi, kwa mfano, wageni huruhusiwa kuingia na mbwa walio kwenye kamba. Katika mbuga za wanyama za taifa, mbwa wa kufugwa hawaruhusiwi.

Mbwa ambao hawafai kwenda na kundi kwa sasa

Mbwa mgonjwa, anayehara, anayekohoa au mwenye upele abaki nyumbani hadi atibiwe. Jike aliye kwenye joto naye abaki, kwa sababu madume watapigana. Mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo zake anaweza kubebwa mikononi ili aone na kusikia mazingira, lakini asishushwe chini mahali ambapo mbwa wengi hupita, kwani ugonjwa wa pavo huwaua watoto wa mbwa haraka.

Mbwa aliyewahi kumuuma mtu au mbwa mwingine atembezwe peke yake kwanza, na mwenyewe atafute ushauri wa daktari wa mifugo. Akihitaji kuvishwa kifunga mdomo, kiwe cha aina inayomwezesha kuhema na kunywa maji. Kumfunga mdomo kwa kamba ni hatari, hasa wakati wa joto.

Mbwa wakipigana, mtu asitie mkono katikati ya meno. Wenyewe wavute kamba kuelekea nyuma, au watu wengine wamwage maji, mpaka wabanduke.

Mtu akiumwa na mbwa

Hata kwa uangalifu wote, ajali inaweza kutokea. Hatua ya kwanza ni kuosha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Hatua ya pili ni kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo mdogo na hata kama mbwa anajulikana. Jeraha lisipakwe pilipili, mafuta, majani wala mafuta ya taa. Mgonjwa akiandikiwa sindano kadhaa kwa tarehe tofauti, azimalize zote. Dalili za kichaa cha mbwa zinaweza kuchukua wiki au miezi kutokea, kwa hiyo kujisikia vizuri baada ya siku chache si uthibitisho wa usalama.

Mbwa aliyeuma asiuawe kwa hasira wala kutupwa. Afungwe mahali salama na afisa wa mifugo ajulishwe ili amchunguze kwa siku 10. Mbwa anayetoa mate mengi, anayepepesuka, anayeuma vitu ovyo au aliyebadilika tabia ghafla asikaribiwe na mtu yeyote. Akifa, mzoga usiguswe kwa mikono mitupu.

Wajibu wa kisheria

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeipa serikali ya kaunti jukumu la kudhibiti wanyama na kulinda hali yao, pamoja na kutoa leseni za mbwa. Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, inawapa maafisa husika uwezo wa kuchukua hatua za kuzuia ugonjwa huo. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inamlinda mbwa dhidi ya mateso. Kwa ufupi, mwenye mbwa ana wajibu kwa pande mbili: kwa majirani wake, wasidhurike na mbwa huyo, na kwa mbwa mwenyewe, asiteseke mikononi mwake.

Pa kuanzia

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa tarehe 28 Septemba kila mwaka. Mwenye mbwa anayeanza na mkanda wa shingoni wiki hii, na kuzungumza na jirani mmoja au wawili, anaweza kuwa na mbwa anayetembea vizuri kwa kamba muda mrefu kabla ya tarehe hiyo. Hatakuwa na haja ya kumburuta, kukodisha vijana wa kumshika, wala kumwacha nyumbani bila kinga.

Wakazi wanaotaka kujua tarehe za chanjo, masharti ya leseni ya mbwa, au ushauri kuhusu mbwa mkali wanaweza kuuliza katika ofisi ya mifugo ya wadi au ya kaunti ndogo iliyo karibu nao. Makundi ya majirani yaliyokwisha kuanza kutembeza mbwa pamoja yanahimizwa kujitambulisha katika ofisi hizo, ili maafisa wajue ni mbwa wangapi watakuja pamoja siku ya chanjo.